Shahamu ya nguruwe ikishapikwa inabaki na nini hasa? Tuweke namba mezani

Kijiko_Kimoja (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Huu uzi nimeukalia wiki mbili, naandika nafuta, naandika nafuta, leo naushusha hivihivi na mtanivumilia urefu.

Chanzo ni shangazi yangu. Kolesteroli yake iko juu, yuko kwenye dawa, na mwezi uliopita akanipigia simu ana furaha kwelikweli kwamba amesoma mahali mafuta ya nguruwe yamo kwenye kumi bora za vyakula vyenye lishe kuliko vyote duniani, yako namba 8, na yeye tayari ameshaanza kulamba kijiko asubuhi na kijiko jioni ili apate vitamini D. Nilishindwa hata nianzie wapi kumjibu, maana alichosoma sio uongo, kipo, ila kilichofika kwake kimekatwa kichwa na miguu. Nikaamua nitafute namba zote niziweke sehemu moja, na nilipomaliza nikaona sio shangazi peke yake anayezihitaji.

Tuanze na hiyo namba 8. Mwaka 2015 kulitoka utafiti kwenye jarida la PLOS ONE, watafiti walichukua vyakula vibichi zaidi ya 1,000 wakavipa alama kwa kuangalia chakula fulani kinajitokeza mara ngapi kwenye zile mchanganyiko za vyakula vichache ambazo kwa pamoja zinakamilisha mahitaji ya mwili kwa siku. Lozi zikaongoza kwa alama 97, mafuta ya nguruwe yakapata 73. Mwaka 2018 BBC Future wakaitoa hiyo orodha na ndipo ilipozunguka dunia nzima. Sasa rudia kusoma taratibu: vyakula VIBICHI, na alama ni ya chakula kinavyoshirikiana na vingine. Ni kama kumsifu beki kwa anavyocheza na wenzake kumi, halafu mtu akamchukua yule beki akamweka uwanjani peke yake. Hakuna sehemu utafiti umesema lamba kijiko.

Kingine, na hapa ndipo wengi tunapochanganya, neno "mafuta ya nguruwe" linabeba vitu viwili tofauti kabisa. Kiswahili chetu kina maneno mawili na tumeacha kuyatumia. Kuna SHAHAMU, ile nyama nyeupe yenyewe inayokaa chini ya ngozi na katikati ya misuli, ina seli, ina nyuzi, ina maji na protini kidogo. Halafu kuna MAFUTA, kile kinachotoka ukiiyeyusha shahamu ukachuja. Kilichopata alama 73 ni shahamu. Anacholamba shangazi ni mafuta. Lishe zake hazifanani hata kidogo na ndio maana nimeuandika huu uzi.

Ili nisiongee hewani nilifanya mwenyewe jikoni. Nilichukua gramu 500 za shahamu ya mgongoni, safi, haina nyama. Nikakata vipande vidogo vidogo sawa na ncha ya kidole, nikaweka kwenye sufuria nzito na maji nusu kikombe ili isishike chini kabla haijaanza kutoa mafuta yake, moto mdogo kabisa. Dakika za mwanzo inatokota kwa sauti nzito na ule mchuzi ni wa ukungu kama maji yaliyooshea mchele. Inakaa hivyo muda mrefu mpaka unaona kama haiendi popote. Halafu maji yakiisha sauti inabadilika, inakuwa nyembamba ya kuchakarika, mchuzi unang'aa ghafla unaona mpaka chini ya sufuria, na vipande vinaanza kujikunja na kushika rangi ya dhahabu. Hapo ndipo pa kutoa. Nilichuja kwa kitambaa nikapima: mafuta gramu 385, mabaki makavu gramu 68. Zile 47 zilizopotea ni maji yaliyokuwa ndani ya shahamu pamoja na mafuta yaliyogoma kutoka kwenye sufuria na kitambaa.

Sasa linganisha na jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani ambalo ndilo wengi wanalitumia. Shahamu ya mgongoni mbichi kwa gramu 100 ina mafuta karibu gramu 89, protini karibu 3, kalori 812. Kwa hiyo kwenye zile 500 zangu protini yote ilikuwa gramu 15 tu, na yote imebaki kwenye yale mabaki makavu, kwenye mafuta yaliyochujwa haikuingia hata chembe. Mafuta yenyewe safi yana kalori 902 kwa gramu 100 na ni mafuta gramu 100 kamili. Protini sifuri, wanga sifuri, chuma sifuri, vitamini B zote sifuri.

Shahamu inayoliwa pamoja na nyama, yaani ule ukanda mweupe unaokuja na kipande kilichoiva, ndiyo ina hesabu nyingine. Gramu 100 zikishapikwa ni kalori kama 626, mafuta kama gramu 66, protini kama 7, na kinachobaki karibu chote ni maji. Mbichi ni kalori 632. Watu wakiona hizo mbili zinakaribiana wanasema kumbe kupika hakupunguzi kitu. Hapana jamani. Kipande kinapoiva kinapoteza maji NA mafuta kwa wakati mmoja, kinasinyaa, kwa hiyo uwiano unabaki palepale ila kipande chenyewe kimekuwa kidogo. Ukipima gramu 100 mbichi halafu ukasoma mstari wa kilichopikwa umejidanganya, na ukipima kilichopikwa ukasoma mstari wa kibichi ni hivyohivyo. Chagua kimoja, na yale yaliyochuruzika kwenye kikaango uyahesabu pia kama umeyala.

Tuje kwenye aina ya mafuta, hapa pana utamu wake. Watu wengi wanaamini mafuta ya nguruwe ni yaliyoshiba matupu, yale yanayoganda. Sivyo. Kwa gramu 100, yaliyoshiba ni 39, yasiyoshiba aina ya kwanza (monounsaturated) ni 45, na yasiyoshiba aina ya pili (polyunsaturated) ni 11. Yaani zaidi ya nusu hayajashiba! Na sehemu kubwa kuliko zote ni asidi ya oleiki, ileile inayotawala kwenye mafuta ya zeituni. Siagi ina yaliyoshiba gramu 51 huku mafuta yake yote ni 81 tu, mafuta ya ng'ombe ni karibu 50, ya nazi yanapita 80. Kolesteroli, mafuta ya nguruwe yana miligramu 95, siagi 215. Kwa hiyo anayekwambia mafuta ya nguruwe ni mabaya kuliko siagi kwa upande huo hajaangalia namba. Lakini na anayekwambia ni sawa na zeituni naye hajaangalia, maana zeituni ina yaliyoshiba gramu 14 tu.

Ndani ya yale 39 yaliyoshiba pia sio wote ndugu. Kuna asidi ya palmitiki kama gramu 24 na steariki kama 13. Steariki haionekani kupandisha ile kolesteroli mbaya, LDL, lakini palmitiki inapandisha. Na palmitiki ndiyo nyingi. Hilo shangazi hakusomewa.

Halafu kuna jambo limenifurahisha sana mpaka nalitaja ingawa halimsaidii mtu jikoni. Molekuli ya mafuta ina nafasi tatu za kubeba asidi. Kwenye nguruwe palmitiki nyingi imekaa nafasi ya katikati, kama ilivyo kwenye maziwa ya mama, wakati kwenye mafuta ya mimea kwa kawaida inakaa pembeni. Nilisoma hilo usiku nikashindwa kulala nikiwaza.

Sasa vitamini D. Kuna watu wanaandika kijiko kimoja kina yuniti 1,000. Jedwali linasema gramu 100 zina yuniti 102. Kijiko cha chakula ni gramu 13 hivi, kwa hiyo ni yuniti 13. Mtu mzima anashauriwa 600 kwa siku. Gawanya: vijiko 46. Kila kijiko ni kalori 115, vijiko 46 ni kalori zaidi ya 5,200. Ni kweli nguruwe anayefugwa nje juani anatengeneza vitamini D kwenye ngozi yake na mafuta yake yanakuwa nayo zaidi kuliko wa bandani, hilo silipingi, lakini mkononi mwako huna cha kukuonyesha huyo nguruwe alikaa juani saa ngapi. Vitamini E ni miligramu 0.6 wakati mahitaji ni 15. Kolini ipo, miligramu 50 kwa gramu 100, mahitaji ni 425 kwa mwanamke na 550 kwa mwanaume. Hiyo ndiyo orodha yote wakuu, hakuna iliyofichwa.

Kwa hiyo shahamu iliyopikwa ni chakula cha nguvu, kina ladha, kina asidi mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea (linoleiki kama gramu 10 na alfa-linoleniki kama 1 kwenye kila gramu 100 za mafuta yake), na basi. Zile vitamini B zinazosifiwa, hasa B1 ambayo nguruwe ni tajiri kweli, zinakaa kwenye nyama nyekundu ya misuli. Ni vitamini za maji, haziyeyuki kwenye mafuta.

Wasiokula kwa imani zao tunawaheshimu, tusigeuze uzi. Karibuni mwenye swali.

---

Baba Wawili

Mkuu umeshusha nondo, heshima kwako. Ila mimi nina dukuduku. Watu wa zamani walipikia haya mafuta kila siku kabla ya haya ya chupa kuja, na hatukusikia habari za moyo moyo. Hizi si ni mbinu za kuuza mafuta ya mimea?

---

Kijiko_Kimoja

Baba Wawili asante mkuu, swali zito hilo. Kwanza kutosikia sio kutokuwepo, mtu alikuwa anaanguka shambani anazikwa na hakuna aliyempima chochote. Pili kazi waliyofanya kwa mikono mchana kutwa, wewe na mimi tunaomaliza siku kwenye kiti hatuna ubavu wa kuunguza zile kalori.

Ila sitaki nikujibu kwa kukisia. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya afya kwa pamoja, walikusanya majaribio ambayo watu walipunguza mafuta yaliyoshiba kwa angalau miaka miwili, jumla watu zaidi ya elfu 50. Waliopunguza walipata matukio machache ya moyo na mishipa ya damu, kiharusi na shambulio la moyo ukiweka pamoja. Kwenye vifo kwa jumla tofauti haikuonekana wazi. Nakupa pande zote mbili kwa sababu nimechoka kuona watu wanachukua nusu inayowafaa.

Kuhusu biashara, ndiyo, kuna wakati mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani yaliuzwa kama ndiyo salama kuliko ya mnyama, na baadaye yakaonekana yana mafuta ya transi ambayo ni mabaya kuliko hata yaliyoshiba. Hapo una haki kabisa ya kuwa na hasira. Lakini angalia na hili: baadhi ya mafuta ya nguruwe ya kopo nayo yamegandishwa kwa haidrojeni ili yasilainike. Soma lebo, ukiona neno hilo liache.

---

mlo_mzito

Mimi nipo kwenye mlo wa wanga kidogo mwaka wa pili sasa, nimepungua kilo 14 na nakula shahamu bila woga. Sukari ndiyo adui, sio mafuta. Huu uzi unawatisha watu bure.

---

Kijiko_Kimoja

Hongera kwa hizo kilo mkuu, nasema kwa moyo mweupe, kilo 14 sio mchezo. Na kwenye sukari tuko pamoja kuliko unavyodhani. Tafiti zinaonyesha ukitoa mafuta yaliyoshiba ukaweka mkate mweupe na soda, moyo haupati nafuu yoyote ya maana. Nafuu inakuja ukiweka yasiyoshiba mahali pake. Kwa hiyo swali sio "shahamu ni adui au rafiki", swali ni imekaa mahali pa nini kwenye sahani yako.

Ombi langu moja tu kwako: pima LDL. Uzito unashuka na LDL inaweza kupanda wakati huohuo kwa baadhi ya watu wanaokula hivyo, na LDL haiumi, huisikii. Sikuambii uache, nakuambia upime.

Na sijamtisha mtu. Shirika la Afya Duniani wanasema yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 22. Gramu 100 za shahamu iliyopikwa zina kama 24. Hiyo ni hesabu ya kutoa na kujumlisha, kila mtu akaifanye kwa sahani yake.

---

Dada Mkubwa

Asante kwa madini ndugu yangu. Mimi swali langu ni yale mafuta yanayobaki baada ya kukaanga bekoni. Huwa nayahifadhi kwenye kikopo napikia mayai. Ni yaleyale au?

---

Kijiko_Kimoja

Hapana dada, sio yaleyale, na nashukuru umeuliza. Bekoni imetiwa chumvi na nitraiti, ile kemikali ya kuhifadhi nyama. Ukiikaanga kwa moto mkali nitraiti inakutana na protini na zinazaliwa nitrosamini, kemikali zinazohusishwa na saratani, mojawapo inaitwa nitrosopirolidini, na hiyo inapenda kukimbilia kwenye yale mafuta yanayochuruzika kuliko kubaki kwenye nyama. Yaani kikopo chako ndiko inakojikusanya. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka nyama iliyosindikwa, bekoni ikiwemo, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Kundi la kwanza maana yake ushahidi una uhakika, haina maana hatari yake ni kubwa sawa na sigara, hapo watu wanachanganya sana.

Mimi ningekushauri uache kile kikopo. Ukitaka ladha, yeyusha shahamu ya kawaida isiyotiwa kitu, tia chumvi yako mwenyewe kidogo. Na bekoni yenyewe ukiila kaanga kwa moto wa wastani isiungue.

---

Sufuria Nzito

Nimeweka kambi hapa. Mnayeyusha vizuri ila mmeacha suala la kurudia mafuta. Mimi hukaangia mara tatu nne ndipo namwaga. Pia kuna yanayonuka baada ya wiki kadhaa, mengine yanakaa miezi, kwa nini?

---

Kijiko_Kimoja

Mara nne ni nyingi mkuu. Mafuta ya nguruwe yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi kama 190. Kila ukiyarudisha motoni yale yasiyoshiba, zile gramu 11 hasa, yanaungana na hewa yanavunjika yanatoa vitu vinavyoitwa aldehaidi, na kolesteroli nayo inaoza kwa hewa ikigeuka kuwa aina inayosumbua mishipa zaidi. Unaijua ile harufu inayokaba koo, mafuta yamekuwa meusi na yana povu lisiloisha? Hapo yameshapita. Mimi narudia mara moja tu, na nachuja kabla ya kuhifadhi kwa sababu yale makombo yaliyobaki chini ndiyo yanayoungua mara ya pili.

Kunuka kunategemea vitu vitatu: maji, mwanga na nguruwe alikula nini. Ukitoa jikoni kabla ile sauti nzito haijaisha, maji yamebaki ndani na yanaharibu. Chupa ya kioo ikikaa dirishani mwanga unayaharibu. Nguruwe sasa: ng'ombe ana bakteria tumboni wanaoyashibisha mafuta ya majani kabla hayajafika kwenye damu, ndiyo maana mafuta yake ni magumu popote alipofugwa. Nguruwe ana tumbo moja kama letu, mafuta ya alichokula yanapita mpaka kwenye shahamu yake. Akilishwa vitu vyenye mafuta mengi ya mimea kama soya, shahamu inakuwa laini inateleza mkononi na asidi ya linoleiki inaweza kuwa mara mbili ya ile niliyoandika juu. Shahamu laini namna hiyo inanuka haraka. Kwa hiyo hata zile namba zangu zichukue kama wastani, nguruwe wako anaweza kuwa juu au chini yake.

Hifadhi yangu: chupa kavu kabisa, mfuniko unaobana, ndani ya friji. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu.

---

Baba Wawili

Na ngozi je? Ile iliyokaangwa ikavimba. Wanasema ni protini tupu.

---

Kijiko_Kimoja

Karibu ni kweli, na ndiyo maana inawachanganya watu. Ngozi iliyokaangwa ikavimba ina protini kama gramu 61 kwa gramu 100, mafuta 31, kalori 544. Ukiisoma hivyo inapita hata nyama. Shida ni kwamba ile protini ni kolajeni kwa sehemu kubwa, na kolajeni haina triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili lazima uzipate kwenye chakula. Huwezi kuitegemea kujenga misuli. Halafu zile za pakiti chumvi yake ni balaa, sodiamu inapita miligramu 1,800 kwa gramu 100 na WHO wanataka tusizidi 2,000 kwa siku nzima. Mwenye presha akae nazo mbali.

---

Dada Mkubwa

Shangazi amesemaje lakini?

---

Kijiko_Kimoja

Nilimpelekea hesabu ya vijiko 46 nimeiandika kwenye karatasi, sikumwambia neno lolote jingine. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akasema "kwa hiyo vijiko vyangu viwili ni yuniti 26". Nikamwambia ndiyo shangazi, na gramu 10 za yaliyoshiba kila siku juu ya chakula chako. Ameacha. Amekubali amwambie daktari wake kuhusu vitamini D apimwe kwa damu badala ya kukisia, na kipimo cha kolesteroli atarudia kwa tarehe aliyopangiwa. Ile chupa hakuitupa, anapikia mbogamboga mara mojamoja kijiko cha chai, na sijamkataza.

---

mlo_mzito

Mkuu nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema na mizani. Kipande chenye nyama na shahamu kibichi gramu 150. Kimeiva gramu 84. Kwenye kikaango yamebaki mafuta gramu 31. Kwa hiyo nimekula kidogo kuliko nilivyokuwa naandika kwenye daftari siku zote, si ndiyo?

---

Kijiko_Kimoja

Safi sana, na hesabu yako imekaa, gramu 35 zilizobaki ni maji. Ila zile 31 za kikaango umezifanyia nini?

---

mlo_mzito

Nimekaangia vitunguu na mayai.

---

Kijiko_Kimoja

Basi zirudishe kwenye daftari mkuu. Gramu 31 ni kalori 280, na yaliyoshiba gramu 12.